Mazishi Kwenye Banda la Video

Watu wa mtaa wetu hapa Sumbawanga wakimkumbuka Katekista huanza na kofia. Alitapika ndani ya kofia yake mwenyewe katikati ya filamu, kisha akasimama akamzika Mzungu wa kwenye picha. Hivyo ndivyo wanavyosimulia, wakicheka mpaka wanashika mbavu, na wakifika kwa Mzungu wananigeukia mimi nithibitishe, maana banda la video ni langu na nilikuwepo. Nathibitisha. Ilitokea kweli. Ila wao huishia hapo, na mimi ndipo ninapoanza kusikia uchungu, kwa hiyo acheni leo nisimulie kwa namna yangu.

Jina lake nalijua, lakini silitumii. Hata yeye ukimwita kwa jina alichelewa kugeuka, kama mtu anayesubiri mwenye jina ajitokeze. Alikuwa Katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini lisilo na padre wake, upande wa Kate kwa miaka mingi kuliko umri wa wateja wangu wengi. Alipohamia mjini alikuwa ameshamwachia kazi mwingine, lakini cheo kilihama naye. Mimi aliniita Mwenye Sinema. Nilimweleza mara nyingi kwamba banda la mabati lenye mabenchi ya mbao na turubai jeusi mlangoni haliitwi sinema. Akasema maadamu picha ni kubwa kuliko mtu, hiyo ni sinema, na tukaliacha hapo.

Alivaa sweta ya kijivu chini ya koti mwaka mzima. Sisi wote wa huku juu tunavaa masweta, baridi yetu haina utani, lakini yeye hakuvua hata siku za mpira banda linapofurika na mabati yanatiririka jasho la watu. Viatu vilipakwa rangi kila asubuhi. Akiingia, kabla hajakaa, alikunja magoti kidogo na kupiga makofi ya taratibu, yale ya Wafipa wa zamani wanapoingia penye watu. Vijana hawakujua waitikie nini. Mmoja alisema "Shikamoo, mzee," mwingine "Poa, Katekista," mwingine aliendelea kutafuna karanga. Yeye aliridhika na yote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake yote ya siku nzima.

Alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ile inapiga kelele tangu asubuhi mpaka unasahau unachofikiri, nikamwuliza kama haimsumbui.

"Ikizimwa ndiyo inanisumbua," alijibu.

Simu alikuwa nayo, tena nzuri, zawadi ya wanakigango siku ya kumuaga. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani waliobaki kwenye mabanda ya video ni wasio na simu. Kweli siku za filamu banda langu halijai tena, kila mtu anatembea na sinema nzima mfukoni, na mimi mwenyewe nimeshafikiria mara kadhaa kuweka mbuzi humo ndani. Katekista alisema kwenye simu unaangalia peke yako, na hata ukicheka unasikika kama kichaa. Yeye alikuja kukalia benchi. Filamu ilikuwa kisingizio, angalau mwanzoni.

Na hapa wale waliotoka kijijini kwake walikuwa na la kumdai. Kwa miaka yote ya ukatekista wake alihubiri dhidi ya mabanda ya video. Kila Kwaresima aliwaambia vijana kwamba ndani ya mabanda hayo shetani ana viti vya mbele. Kijana mmoja dereva wa bodaboda, mzaliwa wa kigango hichohicho, alipomkuta kwangu amekaa benchi la mbele kabisa, alishindwa kujizuia.

"Katekista, si ulisema viti vya mbele ni vya shetani?"

Mzee alifikiri kwa utulivu. "Nilisema anavyo vya mbele. Sikusema vyote ni vyake."

Nilicheka mpaka nikasahau kuwasha jenereta. Alikuwa hivyo, na ucheshi wake ulikuja polepole bila uso kubadilika, kwa hiyo wengi waliukosa. Waliukosa pia kigangoni, nadhani. Huko walimjua kwa jambo moja tu, mazishi.

Padre alifika kigangoni mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Watu hawafi kwa ratiba ya Padre, kwa hiyo Katekista ndiye aliyezika. Alizika wazee, alizika vichanga, alizika waliopigwa na radi, ambao kwetu si wachache. Alikuwa na namna yake. Alisimama upande wa kichwa cha kaburi, akatafuta kwa macho jembe lolote lililo karibu, na tangu neno la kwanza mpaka Amina ya mwisho aliutazama mpini wake. Nyuso za watu hakuzitazama kabisa.

"Ukimtazama mfiwa usoni umekwisha," aliniambia. "Sauti inakatika. Na sauti yako ikikatika, watu wote wanabaki wameduwaa pale na maiti yao."

Wafiwa aliwataka walie. Alikuwa anamkemea mwanamume anayeuma kola ya shati ili asitoe sauti. Kwao kilio cha msibani ni cha kusikika, watu wa ng'ambo ya bonde wajue kwamba aliyekufa alikuwa na watu. Lakini yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kuona jicho lake likilowa. Alijivunia hilo kwa miaka, kama mwingine anavyojivunia ng'ombe wake, mpaka siku lilipomgeukia.

Kabla ya kufika huko niseme kuhusu mwili wake na filamu, maana hapo ndipo nilipoanza kumjua.

Filamu za vita zilimlaza usingizi. Mabomu yanalipuka ukutani, watu wanakatwa vichwa, vijana wanapiga mayowe, yeye kidevu kimeangukia kifuani. Mara moja alikoroma mpaka nikaombwa niongeze sauti. Lakini ikija sehemu ndogo, ile ambayo mwingine anaitumia kwenda kukojoa, mwili wake uligeuka. Mwanamke anaanua nguo kwenye kamba. Mtu anafunga mlango wa chumba ambacho hakina mtu tena. Hapo mguu wa Katekista ulianza kugonga sakafu wenyewe, kama mguu wa fundi cherehani. Meno yaligongana. Kwikwi ilimshika, kubwa, ya kutikisa mabega, na alikaa nayo amenyooka akitazama picha bila aibu. Siku moja alikunja mkono wa sweta akanionyesha vinyweleo vilivyosimama wima.

"Unaona?"

"Ni baridi, Katekista."

"Baridi naijua."

Kila sehemu kama hiyo ilipoisha alifanya kitu kimoja. Alijigusa chini ya jicho kwa kidole, akakitazama kidole kwenye mwanga wa mashine ya picha, kisha akakifuta kwenye suruali ingawa kilikuwa kikavu. Niliona ni tabia ya wazee. Nikamwuliza siku tulipokuwa tumebaki wawili, watu wengine wakiwa wameenda kuchungulia ajali ya baiskeli barabarani.

"Nataka kulia," alisema, wazi tu, kama mtu anayesema anataka maji. "Mwili unakubali, macho yanakataa. Nakuja hapa kwa ajili hiyo, Mwenye Sinema. Usidhani nazipenda sana picha zako."

Ndipo akanieleza habari za mkewe.

Mkewe alikuwa mpiga kengele wa kigango. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi, inagongwa kwa kipande cha nondo, na kwa kuwa aliigonga yeye siku zote, kijiji kizima kiliujua mkono wake. Siku alipofariki, Katekista alitoka akaigonga mwenyewe. Watu waliokuwa mashambani kwenye ulezi walisimama wakasikiliza jinsi inavyogongwa ovyo, na wengi wakaanza kurudi nyumbani kabla hajafika mtu wa kuwaambia.

Ilikuwa masika, barabara imekatika, Padre hakuweza kuja na kungojea hakukuwezekana. Wazee wa kigango walisimama uani wakimtazama. Yeye akaingia ndani, akavaa kanzu yake nyeupe ya kazi, akatoka akamzika mkewe. Hakukosea neno. Sauti haikukatika. Aliutazama mpini wa jembe. Na udongo ulipokwisha kusawazishwa, mdomo wake ukaendelea wenyewe kwa mazoea ya miaka yote, akatoa matangazo: ibada ya Jumapili saa ngapi, wiki ijayo nani ana zamu ya kufagia kanisa.

"Nilijisikia nikiyatoa," alisema. "Sikuweza kujinyamazisha."

Shemeji zake hawakungoja hata matanga yaishe. Walimwita pembeni wakamwambia hawakusikia sauti yake, dada yao amezikwa na mtu wa kazi. Na binti yake, mtoto wao wa pekee, alisimama upande wa wajomba zake. Binti huyo anauza vitenge sokoni hapa mjini. Ndiyo sababu Katekista alihama kijijini, ili awe karibu naye, na kweli alikuwa karibu. Walikutana kila Jumapili kwenye uwanja wa kanisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Halafu binti alikwenda zake. Mzee alibaki amesimama na kofia mkononi mpaka uwanja uishe watu, kisha akaja kwangu. Jumapili mchana alikuwa wa kwanza siku zote, wakati mwingine kabla sijafungua kufuli.

Basi filamu ya kofia. Haikuwa ya maana. Niliichukua pamoja na mzigo wa filamu za ngumi, na mtafsiri aliyeiingizia Kiswahili ni wa ile aina isiyonyamaza: mlango ukifunguliwa anakuambia mlango umefunguliwa, watu wakibusiana anatoa maoni. Ilimhusu Mzungu mkulima anayeishi na mkewe, Mzungu mwenzake, kwenye theluji, mbali na majirani. Mke anaugua, anakufa. Mume anachukua sululu, anachimba ardhi iliyoganda, anamshusha mkewe peke yake, anafukia. Hapaimbwi, hapasomwi kitu. Na pale mtafsiri wetu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Banda zima tukawa tunasikia udongo tu.

Nilikuwa karibu na mashine ya picha, nikasikia mguu wa Katekista umeanza. Kisha benchi lote likatikisika, vijana waliokaa naye wakasogea. Jasho lilimtoka usoni katika baridi ile. Alivua kofia nikadhani anataka kujipepea, kumbe akainama akatapika ndani yake, kimyakimya, kwa adabu, akaisukuma chini ya benchi. Nilinyanyuka nizime mashine. Akainua mkono kunizuia, akasimama, anatetemeka kuanzia magotini mpaka kidevuni.

"Hakuna wa kusema?" aliuliza ukuta. "Mtu anazikwa hivihivi?"

Na akaanza. Aliongoza sala za mazishi tangu mwanzo kwa sauti ile ya kigangoni, imenyooka kabisa, huku mwili wote unatetemeka. Nilitegemea kicheko. Lakini hawa ni watoto wa Wakatoliki wa Ufipa, wamesikia sala hizo tangu wakibebwa mgongoni, na midomo yao iliitikia kabla vichwa havijafikiri. Kapelo zikavuliwa. Mshikaji mmoja mwenye sigara sikioni alipiga magoti kwenye maganda ya karanga. Ukutani Mzungu alikuwa ameshapanda farasi zamani, anakwenda kupigana na mtu fulani, na sisi bado tunamzika mkewe. Mimi si Mkatoliki, wazazi wangu walihamia hapa kutoka Mbeya na kanisa lao, sikujua pa kuitikia. Nilisimama tu na rimoti mkononi.

Baada ya Amina ya mwisho Katekista alijigusa chini ya jicho, akakitazama kidole, akaketi.

Kicheko kilikuja baadaye, nje, vijana walipotazamana na kugundua walichofanya. Kufikia jioni kilikuwa stendi, na kesho yake sokoni. Wengine waliniuliza arobaini ya Mzungu ni lini. Katekista aliosha kofia yake akaianika kwenye kamba mbele ya chumba, akapita mbele ya wachekaji akiwapigia makofi ya salamu kama kawaida. Nilimkasirikia kwa upole ule. Nilitaka awatukane, hata neno moja. Nilitaka niwatukane mimi, lakini walikuwa wateja wangu.

Badala yake nikaenda sokoni kwa binti yake. Sikutumwa. Nilidhani nikimweleza alivyotetemeka, moyo utalegea. Nilimkuta anakunja vitenge, mama mnene mwenye macho ya baba yake kabisa.

"Nimeshasikia," alinikatiza hata sijamaliza salamu. "Mzungu wa kwenye video ametapikiwa na kutetemekewa. Mama yangu alipata nini?"

"Dada, ilikuwa kazi yake. Angemwacha nani azike?"

"Kaka, nakuheshimu, lakini hukuwepo. Alitaja jina la mama kama anatangaza ng'ombe aliyepotea. Halafu akatoa matangazo kweli! Nani afagie kanisa! Mimi nimesimama pale, nimeshikwa mikono na wajomba, namwangalia, nasema sasa hivi atalia, sasa hivi. Akakunja kitabu." Alikuwa anakunja kitenge kilekile mara ya tatu. "Sijasema simtaki. Ni baba yangu. Siku nikisikia amemlilia mama, nitamfuata mwenyewe chumbani kwake. Nitampikia."

"Nitakuletea habari hiyo mimi."

"Wewe hapana. Wewe ni rafiki yake, utasema chochote. Nitasikia kwa watu, kama misiba yote inavyosikika."

Mpaka leo nikipita pale ananisalimia vizuri. Nilijaribu mara moja kuendeleza mazungumzo hayo, akamgeukia mteja mwingine na kumfungulia doti mpya.

Sikumwambia Katekista nilikokwenda, lakini mji wetu ni mdogo, alijua. Wiki iliyofuata alikuja asubuhi, banda halijafunguliwa, akaniomba nimwekee tena filamu ile, yeye peke yake. Nikamwekea. Alikaa katikati ya benchi la mbele, amevaa koti lake zuri, mikono magotini, amejiandaa kama anayesubiri sindano. Mke akaugua, akafa. Mtafsiri akanyamaza palepale. Udongo ukasikika. Nilikuwa nautazama mguu wa Katekista, na mguu ulitulia. Kwikwi haikuja. Aliitazama mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nikarudisha. Akatazama tena.

"Imekwisha," alisema. Hakuwa anaizungumzia filamu. "Hata mwili nao umezoea."

Nilimpa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yangu. Aliinywa yote, huku mashine ya kusaga ya jirani ikianza kazi.

"Nimewazikia watu wote," alisema baadaye. "Hata wa kwenye picha. Sijawahi kukaa upande ule mwingine. Sijui hata unakaaje." Akanigeukia. "Nataka mtu anizikie mke wangu. Yeye asome, mimi nikae na wafiwa."

"Padre atakusomea, Katekista. Au huyo katekista mpya."

"Mpya nilimfundisha mimi. Akinitazama tu, nitaanza kumsimamia. Padre atanipa pole za kitabuni. Wewe si wa kwetu. Hukuwahi kuniona nikizika kigangoni."

"Sala zenu sizijui."

"Kusoma si unajua?"

Ilikuwa mwezi wa saba, mahindi yameshavunwa. Alichagua siku ya mnada, siku ambayo kijiji chote cha kigangoni kwake kinakwenda mnadani na wanabaki kuku. Nilimwuliza kwa nini, maana mimi nilikuwa na maneno ya binti yake kichwani, nilitaka watu wawepo, nilitaka wawe wengi.

"Si ndio wangekusikia?"

"Wangeniona kwanza," alisema. "Wakiniona nitasimama."

Nilimpakia kwenye pikipiki yangu. Njia nzima alikaa ameshika bega langu kwa mkono mmoja, begi lake la nguo amelikumbatia kwa mwingine, na nilipoona begi nilijua harudi na mimi. Upepo wa uwanda ule haukati kona, unakuja tu. Tulipofika vidole vyangu havikunjuki. Kijiji kilikuwa kitupu kama alivyosema. Makaburi yako pembeni, kwenye mteremko, yanatazamana na mashamba yenye mabua, na zaidi ya mashamba ni nyasi mpaka mwisho wa macho. Kaburi la mkewe lilikuwa na msalaba wa saruji na mawe yaliyopakwa chokaa.

Alinisimamisha upande wa kichwa. Akanipa kitabu, kimefunguliwa tayari. "Mfiwa akilia, anayezika haachi," aliniambia. "Usinifariji. Wewe maliza." Kisha akaenda upande wa pili, na hapo nikamwona hajui la kufanya. Alisimama, akachuchumaa, akasimama tena. Mwisho alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu kwenye majani makavu, mikono akaiweka mapajani, akaiondoa, akairudisha.

Nikaanza kusoma.

"Polepole," alisema. "Hukimbizwi."

Nikasoma polepole.

"Hapo umeruka mstari."

Nikarudi.

"Paza sauti. Walioko nyuma hawakusikii."

Niligeuka kutazama walioko nyuma. Kulikuwa na mabua. Nilipaza sauti hata hivyo, nikajisikia mjinga, mwanamume mzima napigia kelele mashamba ya watu. Alinisahihisha namna ya kutamka, akanisahihisha mahali pa kupumua. Nilianza kuona tutamaliza hivi, yeye akizika kwa mdomo wangu, na nikasikia hasira na huruma kwa pamoja.

Nikafika mahali pa kutaja jina la marehemu. Kitabu hakina jina hapo, kina nukta, kila anayezika anajaza la kwake. Nilikuwa nimeliona kwenye msalaba.

"Skolastika," nilisema.

Kwa vidole vile vya baridi nilifunua karatasi mbili kwa pamoja, nikasoma maneno yasiyofuatana kabisa na niliyotoka kusoma. Nilijua nimekosea. Nikangoja anirudishe. Nilisoma mstari, nikasoma wa pili, na hakunirudisha.

Nilimtazama. Alikuwa ameanguka kiubavu, shavu kwenye udongo, mdomo wazi, na sauti haikuwa imefika bado. Ilipofika iliwashtua ndege kwenye mabua. Ilikuwa sauti mbaya, ya kukwaruza, inapanda na kukatika na kupanda tena, na ndani yake alikuwa anamwita mkewe kwa Kifipa na kumwambia mambo ambayo mimi sikuyaelewa wala hayakunihusu. Alipiga ardhi kwa kiganja. Miguu ilisukuma majani. Nilitaka kutupa kitabu nimwinue. Nikasoma. Nilisoma ukurasa ule usiostahili mpaka mwisho, nikarudi kwenye nilioruka, nikausoma nao, na macho yangu yalipoacha kuona herufi nikasema nilichokumbuka kutoka kanisani kwetu. Nikajiitikia Amina mwenyewe.

Alilia muda mrefu sana. Mimi nilikaa chini nikaficha mikono yangu kwenye makwapa. Hatimaye alinyamaza, akajiinua kwa viwiko, udongo umemganda usoni pamoja na machozi na kamasi, na hakufuta. Alionekana mzee kuliko nilivyomjua, na mchovu, na aliitazama njia inayotoka mnadani.

"Nimelia kwa sauti?"

"Kwa sauti, Katekista."

"Watu wamesikia?"

Nilitazama. Upepo ulikuwa unatoka kijijini unakuja kwetu, unachukua kila sauti na kuipeleka kwenye nyasi upande wa pili, ambako hakuna hata moshi. Njia ilikuwa tupu mpaka mwisho wake.

"Wamesikia," nilimwambia. "Wamesikia wote."